Njaa ya Mwezi wa Mei na Matumbo ya Watu wa Kakamega

Mvua kubwa huanza kunyesha Kakamega mwezi wa Machi, na watu hupanda mahindi mara ardhi inapolowa. Mahindi hayo hayawi tayari kuvunwa mpaka Julai au Agosti. Kwa hiyo kila mwaka ipo miezi mitatu au minne ambayo mashamba huwa ya kijani, mazuri ya kutazamwa, na ghala huwa tupu. Mgeni apitaye katika barabara ya Kisumu kwenda Webuye mwezi wa Mei hawezi kudhani kwamba katika nchi yenye rutuba namna ile wamo watu wanaokula mara moja tu kwa siku. Miezi hiyo ndiyo pia miezi ya mvua, ambayo uchafu wa juu ya ardhi huchukuliwa na maji mpaka katika chemchemi, na watoto wakaanza kuhara.

Mambo haya mawili, njaa na maradhi ya tumbo, kwa kawaida husemwa mbalimbali. La kwanza huachiwa Bwana Shamba na la pili huachiwa Bwana Afya. Lakini kwa kweli kila moja humzaa mwenzake, na nyumba inayotaka kuondoa moja bila ya jingine hujichosha bure.

Yafaa kwanza kueleza jinsi tumbo lifanyavyo kazi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi. Ndani umetandazwa ngozi laini, na ngozi hiyo imejaa vinyweleo vidogo mno, mithili ya nyasi fupi za malisho. Vinyweleo hivyo ndivyo vinyonyavyo chakula na kukitia katika damu. Chembe zinazovifunika hazidumu. Hufa na kubanduka, na nyingine huota mahali pake kila baada ya siku tatu mpaka tano. Basi utumbo ni kama shamba linalopandwa upya kila juma, na mbolea yake ni chakula kile kile kinachopita ndani yake.

Mtu akikosa chakula cha kutosha kwa majuma mengi, mwili hauna kitu cha kujengea vinyweleo vipya. Hufupika na kupungua, kama malisho yaliyoliwa na ng'ombe wengi kupita kiasi. Maji ya tumboni yanayoyeyusha chakula hupungua, na vile vile askari wa mwili wanaolinda ukuta wa utumbo. Ndipo kijidudu ambacho katika mtu aliyeshiba kingaliweza kufukuzwa kwa siku moja hupata makao. Kuhara hufuata, na kuhara huondoa maji, chumvi na madini ya zinki ambayo utumbo huyahitaji ili upone. Siku chakula kinapopatikana, sehemu yake hupita tu bila ya kumfaa mlaji. Mzazi husema kwamba mtoto anakula lakini hanenepi, na mara nyingi husema kweli.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa tangu miezi sita mpaka miaka miwili. Kabla ya miezi sita maziwa ya mama humtosha mtoto, na ni masafi. Baada ya hapo huhitaji chakula kingine, na kama umri huo unaangukia katika mwezi wa Mei, chakula hicho huwa uji mwepesi wa unga wa mahindi, pengine bila maziwa wala njugu. Mama aliyekwenda kupalilia mashamba ya watu ili apate fedha za unga hupika uji asubuhi na kuuacha nyumbani, na mtoto hulishwa uji huo huo mchana na jioni. Katika joto la mchana vijidudu huzaana ndani yake kwa wingi. Mama huyo haipasi kulaumiwa kwa uvivu. Hana kuni za kupikia mara tatu, wala hana mtu wa kumwachia kazi.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliyaandika maradhi ya watoto wanaovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele kwa jina la kwashiorkor, neno alilolisikia kwa wenyeji Waga, ambalo hutumiwa kwa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mwenziwe amezaliwa. Katika Afrika ya Mashariki daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi Uganda, aliyachunguza maradhi hayo kwa miaka mingi, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu yake pamoja na wenzake. Yafaa ijulikane kwamba mtoto wa namna hii utumbo wake umechakaa hata mara nyingine hauwezi kuyeyusha sukari iliyomo katika maziwa. Akipewa kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe kwa huruma, huenda akahara zaidi. Akishindiliwa chakula kingi kwa siku moja, moyo wake waweza kushindwa. Kwa sababu hiyo hospitali humwanza kwa maziwa maalumu, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mtoto aliyevimba miguu ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wala si wa kutibiwa kwa karamu.

Lakini wapo wengine, nao ni wengi zaidi, ambao hawavimbi wala hawahari sana, bali hawarefuki. Kila siku humeza uchafu kidogo: udongo wa uani, vidole, kijiko kilichoanguka. Ukuta wa utumbo huwaka pole pole, kama moto wa pumba usiotoa mwali. Vinyweleo hufupika, ukuta huvuja, na chakula ambacho kingejenga mifupa hutumika kupigana na vijidudu. Mtoto huyu haonekani mgonjwa. Akisimama pamoja na watoto wa rika lake hudhaniwa kuwa ni mdogo wao, na watu husema kwamba ukoo wao ni wafupi.

Jambo hili lilijaribiwa katika nchi hii hii. Kuanzia mwaka 2012 watafiti waliandikisha wanawake wajawazito zaidi ya 8,000 katika vijiji vya Kakamega, Bungoma na Vihiga. Vijiji vingine vilipewa dawa ya klorini ya kutia katika maji. Vingine vilitengenezewa vyoo. Vingine vilipewa vyombo vya kunawia mikono. Vingine vilipewa hayo yote pamoja. Na vingine watoto walipewa chakula cha kuongezea nguvu, chenye mafuta, vitamini na madini, tangu miezi sita mpaka miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018, na yaliwashangaza wengi. Watoto wa nyumba zilizopewa maji safi, vyoo na sabuni hawakuhara kidogo kuliko wenzao, wala hawakurefuka zaidi. Waliorefuka, tena kwa kiasi kidogo tu, ni wale waliopewa chakula.

Mtu mwenye haraka angeweza kusema kwamba basi vyoo havina faida. Hilo si kweli. Katika vijiji vile vile minyoo mikubwa ya tumbo ilipungua kwa karibu sehemu moja ya tano mahali ambapo maji yalitiwa dawa au usafi wa namna zote ulipofanywa pamoja, na mnyoo ni mlaji anayekaa mezani bila ya kualikwa. Maana iliyo karibu zaidi na kweli ni kwamba usafi wa nusu hautoshi mahali penye uchafu mwingi. Choo kilichowekewa sakafu nzuri hakizuii mavi ya kuku. Na Kakamega ni nchi ya kuku. Mgeni asiyepewa ingokho huona kwamba hakukaribishwa. Kuku hao katika nyumba nyingi hulala jikoni, na alfajiri huacha alama zao pale pale ambapo mtoto atatambaa. Kibanda kidogo cha kuku nje ya nyumba huenda kikamfaa mtoto kuliko mahubiri mengi ya sabuni, ingawa sabuni nayo ihitajiwa.

Kuna desturi moja ambayo ni lazima isemwe wazi. Mtoto akihara, wako watu wanaomnyima maji na chakula ili tumbo lipumzike, au ambao husema kwamba ni meno yanaota na kumwacha. Tumbo linalohara halipumzishwi kwa njaa; njaa ndiyo iliyolidhoofisha. Mtoto aendelee kunyonya, aendelee kula, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa majuma mawili. Apewe maji ya chumvi na sukari yatolewayo katika zahanati. Kama zahanati iko mbali, yaweza kutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya la Dunia limeagiza pia vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14, kwa kuwa zinki husaidia ngozi ya utumbo kuota tena. Wazazi wengi huacha vidonge hivyo mara mtoto anapoacha kuhara siku ya tatu. Lakini kazi ya vidonge siku hiyo ndiyo kwanza imeanza. Na tangu Julai 2014 watoto wa Kenya hupewa chanjo ya rota, kirusi kimoja kikubwa miongoni mwa vinavyoharisha watoto wachanga. Chanjo hiyo haizuii kuhara kwa namna nyingine.

Wazee nao walikuwa na maarifa yao, ambayo hayastahili kutupwa. Uji wa wimbi uliochachushwa siku moja au mbili huwa na ukali ambao vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kuuvumilia, na kwa hiyo waweza kukaa mchana kutwa kwa salama kubwa kuliko uji usiochachuka. Nchini Tanzania, ambako kinywaji cha namna hiyo huitwa togwa, watafiti wa miaka ya 1990 waliona kwamba watoto walioinywa walikuwa na vijidudu vya kuharisha vichache tumboni kuliko wenzao. Huko huko akina mama walifundishwa kutia unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, katika uji mzito wa moto. Kijiko kimoja hulegeza uji hata ukanyweka, na mtoto mwenye tumbo dogo akapata unga mwingi katika kikombe kile kile. Mama wa Kakamega anayejua kutengeneza kimea kwa ajili ya pombe ya busaa hana haja ya kufundishwa na mtu. Ni kukipeleka kimea upande wa pili wa nyumba tu.

Sasa yafaa kuuliza kwa nini nchi yenye mvua nyingi namna hii ina njaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba alilolima babu limegawanywa kwa wana na kwa wajukuu. Na upande wa Mumias sehemu kubwa ya mashamba madogo hayo iliingia katika miwa tangu kiwanda cha sukari kilipoanza kazi mwaka 1973. Miwa ya kwanza hukaa shambani miezi 18 mpaka 24 kabla ya kukatwa. Fedha zake huingia mara moja, mara nyingi mkononi mwa baba, lakini tumbo la mtoto hudai kila siku. Mwaka 2019 kampuni ya Mumias, baada ya miaka ya shida, iliwekwa chini ya msimamizi wa wadai, na wakulima waliokuwa wamepanda miwa mpaka mlangoni walijikuta hawana fedha wala mahindi. Viwanda vingine vya sukari vipo katika kaunti, na miwa italimwa tena na tena. Hakuna ubaya katika hilo, maadamu robo tatu ya ekari iliyo karibu na jiko haiguswi.

Mjini hali ni nyingine, na huko njaa huvaa nguo za shibe. Mtu wa kazi ya kibarua katika mji wa Kakamega hunywa chai na mandazi asubuhi, na pengine mchana pia, kwa kuwa ndicho chakula cha bei ndogo kinachotuliza tumbo upesi. Jioni hununua unga mweupe wa paketi. Unga huo, kwa sheria ya tangu mwaka 2012, hutiwa vitamini na madini ya chuma, na hilo ni jema. Lakini makapi yake yameondolewa kinuni. Mboga hununuliwa fungu dogo. Mtu huyu hupata choo kwa shida, kigumu kama mawe, na baada ya miaka hupata bawasiri, ambayo huona haya kumwambia daktari.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba elimu ya dunia juu ya makapi ya chakula ilianzia sehemu hizi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira na kisha Mulago, aliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza hayakuonekana sana kwa watu wa vijijini. Trowell, yule yule wa kwashiorkor, alishirikiana naye baadaye. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wawili waliandika vipimo vyao: wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda wa kama saa 36, mabaharia wa Uingereza walitoa kama gramu 100, na chakula chao kilikaa zaidi ya saa 80. Si kila jambo alilolisema Burkitt lilithibitishwa baadaye. Lakini mengi yalithibitishwa, na wajukuu wa wanakijiji wa namna ile sasa wanakula kama mabaharia, kwa sababu chakula hicho ndicho kinachopatikana dukani kwa fedha kidogo.

Dawa ya kufunga choo haihitaji kununuliwa mbali. Unga wa kinu cha kijijini usiochujwa, ugali wa wimbi au mtama, maharagwe, viazi vitamu, na mboga za kwao: lisutsa, tsisaka, likhubi na mrenda, ambao huteleza wenyewe. Palikuwa na wakati ambapo mboga hizi zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini na sukumawiki ikaheshimiwa. Siku hizi huuzwa hata katika masoko makubwa ya Nairobi, na bei yake si ya maskini tena.

Neno moja juu ya vidonda vya tumbo, maana watu wengi husema kwamba huletwa na njaa na mawazo. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walikiona kijidudu kinachoishi katika tumbo na kuleta vidonda hivyo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho hupatikana utotoni, hasa katika nyumba zenye watu wengi na maji machache. Sababu nyingine kubwa ni vidonge vya maumivu vya namna ya aspirini, ambavyo mtu mwenye njaa huvimeza mfululizo ili aweze kushika jembe. Njaa huamsha uchungu wa kidonda ambacho tayari kipo. Kwa hiyo mwenye uchungu wa daima apimwe, kwa kuwa dawa za kukiua kijidudu hicho zipo na hutumiwa kwa majuma mawili tu, na anayepata choo cheusi kama lami aende hospitali bila kungoja.

Imebaki habari ya ghala. Mahindi yanayovunwa Agosti huvunwa mvua ikinyesha, na yakiwekwa yakiwa mabichi huota ukungu wenye sumu ambayo haiondolewi kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zao, katika mwaka wa njaa, ambao watu hawakuwa na hiari ya kuchagua punje. Njia rahisi ya kupima ni kutia mahindi katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo na kuitikisa: chumvi ikinata katika kioo, mahindi bado yana maji na yarudishwe juani. Mihogo na viazi vitamu vyaweza kuachwa ardhini na kuchimbwa kidogo kidogo mpaka Mei, ila mihogo michungu isiharakishwe jikoni bila kulowekwa na kukaushwa kama desturi, hata njaa ikiwa kali.

Hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika Kenya hula mahindi kama gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Nyumba ya watu sita yahitaji basi magunia sita. Mwenye kuvuna manane anayo mawili ya kuuza. Mwenye kuvuna matano, akauza mawili mwezi wa Septemba bei ikiwa chini ili alipe deni la mbolea, atabakiwa na matatu, nayo yatamfikisha mwezi wa Februari.